Nyuma Iko Wazi

Saa kumi na moja kasoro alfajiri, Point, mtaa wa bandarini Durban, ikiwa bado imejifunika giza lake, Gaël alitumwa mkate. Kazi ndogo: mikate miwili na mayai sita ya kuchemsha, pale kwa Mhabeshi anayefungua duka kabla ya watu wote. Mtu mwingine angekwenda, angenunua, angerudi. Gaël si mtu mwingine. Alisimama mbele ya kaunta, kofia ya baiskeli kichwani kama taji, akawatangazia Mhabeshi, walinzi wawili waliokuwa wanatoka zamu, na paka, kwamba leo anapanda barabara ya zamani mpaka Drummond na kurudi kabla jua halijazama.

"Ile milima yote?" mlinzi mmoja akauliza.

"Grand, kaka, mimi nilizaliwa juu ya baiskeli. Mama alikuwa anapelekwa maternite, nikachoka kungoja, nikatokea njiani."

Wakacheka wote, isipokuwa paka.

Ndivyo alivyokuwa Gaël. Miaka ishirini na mitatu, Mrundi, fundi simu, mdomo kama honi ya taxi. Shule aliiacha darasa la sita. Yeye husema shule ndiyo iliyobaki nyuma, ilishindwa kufuata mwendo wake. Ukimpa soda atakusimulia alivyokuwa dereva wa baiskeli za abiria kule Bujumbura, alivyopanda mlima wa Bugarama ameshika mkia wa lori kwa mkono mmoja, mkono wa pili anachana nywele. Na kila hadithi aliifunga kwa maneno yaleyale, akijipiga kifua:

"Na sijawahi kuacha abiria njiani. Hata mmoja."

Hayo maneno yashike, maana yatarudi, na yakirudi hayatakuja peke yao.

Ilikuwa sikukuu ile ya mwezi wa tisa ambayo nchi nzima huchoma nyama. Ruphin, Mkongomani wa Uvira, fundi baiskeli aliyekaa Durban miaka kumi na moja, ana desturi siku za namna hiyo kutoa watu kwenye barabara ya zamani, ile iliyokuwa njia kuu ya kutoka bandarini kwenda bara kabla barabara ya kasi haijajengwa pembeni yake. Zamani yalipita magari ya ng'ombe. Sasa wanapita wakimbiaji, waendesha baiskeli, na malori yanayokwepa kulipia ile ya kasi. Safari hii walikuwa watatu: Ruphin, Gaël, na Anaïs, dada wa Kirundi anayesuka nywele ghorofa ya chini ya jengo lao. Kwa nini Gaël alikuwa na kelele mara mbili siku hiyo? Mwulize Anaïs.

Baiskeli nzuri mbili zilikwisha. Gaël alipewa nyeusi ya chuma, ya kale, yenye keria nyuma. Juu ya keria Ruphin alikuwa amefunga kiti kidogo cha ngozi chenye springi mbili, cha kubebea watoto. Ukikikalia kinalia. Kwii.

"Hii ni ya bibi harusi," Gaël akasema, akimwangalia Anaïs.

"Basi mtafute," Anaïs akajibu, akaondoka mbele.

Walipita Queensburgh mbwa wakibweka nyuma ya kuta. Walipita Pinetown viwanda vikiwa vimefungwa, robot, taa za barabarani, zinawaka nyekundu na kijani kwa barabara tupu. Kisha milima ikaanza, na mdomo wa Gaël ukapungua upepo. Baada ya Hillcrest likaja lori la mchanga, linapanda taratibu, linakohoa. Gaël akaliona. Mkono wake ukakumbuka kabla kichwa hakijafikiri. Akasogea, akashika chuma cha nyuma, akavutwa kama mkia.

"Gaël!" Anaïs akapiga kelele. "Hapa si Bugarama!"

Walimkuta juu ameketi kwenye ukingo, anamenya yai.

"Petit, mdogo wangu," Ruphin akasema, anahema, "ukifa hapa mimi nitamwambia nani?"

"Waambie wote, vieux, mzee wangu. Alikufa akiwa mbele."

Anaïs hakucheka. Alimtazama tu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Na kule kwetu, ulikuwa unashika lori hata ukiwa umepakia mtu?"

Gaël aliacha kumenya. Kidogo tu. Ganda la yai lilimganda kidoleni, akalitazama.

"Eh. Na sijawahi kuacha abiria njiani."

Kwenye Botha's Hill ukungu ukawapokea. Mchana kweupe, lakini dunia ikawa na upana wa kitanda. Bonde la kulia, lile wanaloliita la vilima elfu moja, lilikuwa limefutwa lote. Hukuona kilima hata kimoja. Ulisikia maji yanadondoka kwenye majani, na cheni zao. Basi.

Kwenye kona moja, ambapo chuma cha ukingo kimepinda kana kwamba kuna kitu kizito kilikiegemea, kulikuwa na watu.

Kombi nyeupe imeegeshwa, taa zake za njano zinakonyeza ndani ya ukungu. Wanawake wanne wa Kizulu na blanketi mabegani. Vijana wawili. Na mbele yao mzee wa koti la suti, ameshika tawi. Tawi la mti wa miiba, aina ya mkunazi wa porini, majani mabichi yanang'aa. Alilishika kwa mikono miwili, kama unavyomshika mgonjwa anayejifunza kutembea.

Ruphin akashuka, akavua kofia. Anaïs naye.

Gaël akapiga kengele. Kriing.

"Sawubona, Baba!"

Mzee hakuitika.

"Baba, salamu hailipiwi!"

Maji yakadondoka.

"Vieux Ruphin, huyu anachunga mti, au mti unamchunga yeye?"

"Funga mdomo," Ruphin akanong'ona. Akamvuta karibu. "Wamekuja kumchukua mtu wao. Alifia hapa. Wanamwita kwa jina lake, anapanda kwenye lile tawi, wanamrudisha nyumbani. Mwenye tawi haongei na mtu mwingine mpaka wafike. Anaongea na yule tu. Anamwambia tunaingia garini, tunavuka daraja. Hata kwenye taxi wanamlipia kiti chake. Bila hivyo anabaki hapa. Kwenye lami. Mvua yake, jua lake, peke yake."

Mwenye akili angekomea hapo. Lakini Anaïs alikuwa anamsikiliza Ruphin, macho yote kwake, na Gaël hakuzoea macho kwenda kwingine. Akakipiga kile kiti cha ngozi kwa kiganja, pa-pa, vile madereva wa baiskeli wa Bujumbura wanavyoita abiria.

"Ya nini kubanana kwenye kombi? Aje huku! Panda, ndugu yangu, nyuma iko wazi! Mimi sijawahi kuacha abiria njiani!"

Alisema kwa Kiswahili. Nani angeelewa pale?

Springi zikalia.

Kwii.

Na tawi la mzee likapanda juu ghafla, vile mkono unavyopanda ukinyanyua ndoo uliyodhani imejaa, kumbe tupu. Mzee akalitazama. Midomo ikamtetemeka, lakini hakuwa na ruhusa ya kusema. Nyuma yake bibi mmoja, mfupi, mwenye blanketi la kahawia, akatoa sauti ambayo sijui niiandikeje. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango halafu ukafungwa usoni pake.

"Sharp, sharp, poa basi, nilikuwa natania," Gaël akasema. Akakanyaga pedeli, akateremka mlima.

Alitegemea baiskeli itaruka. Ni mteremko! Lakini ilikwenda kama punda mwenye mimba. Akakanyaga zaidi. Mapaja yakaungua. Breki alizigusa mara moja tu na zikalia kama zinazuia watu wawili.

Ting.

Spoki ya gurudumu la nyuma.

Ting... ting.

Halafu akasikia harufu. Nguo za sufi zilizolowa. Petroli. Udongo wa mfereji. Na shingoni, pale kofia inapoishia, kitu kikampumulia. Pumzi ya baridi, ya kawaida kabisa, ya mtu anayetazama njia juu ya bega lako.

"Anaïs, acha mchezo," akasema.

Anaïs alikuwa amekwisha kumpita, yuko mita hamsini mbele yake.

Gaël hakugeuka. Wewe ungegeuka. Yeye alikuwa na sababu yake ya kutogeuka, ya miaka sita, na hakuna aliyeijua.

Drummond wakasimama kwenye duka dogo la barabarani, karibu na ule ukuta wenye vibao vya majina ya wakimbiaji waliokimbia njia hii. Asubuhi Gaël alikuwa ameapa atasimama pale atafute nafasi ya jina lake. Sasa hakuutazama. Ruphin alichuchumaa nyuma ya baiskeli nyeusi. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa kama chapati.

"Umepakia nini?"

"Hewa."

Ruphin akatoa pampu, akajaza. Tairi likajaa, gumu kama jiwe. Akachomoa pampu. Tairi likashuka tena, polepole, bila kuvuja, lile tumbo la chini likatandazika kwenye saruji. Ruphin akapitisha vidole chini ya kiti cha ngozi kutafuta kasoro. Springi zote mbili zilikuwa zimebanwa hadi mwisho.

Akautoa mkono haraka, kama umegusa jiko la moto.

"Iko mtu," akasema.

"Kutu, vieux. Springi zako zina kutu."

"Petit. Iko mtu hapa."

Gaël akacheka, lakini kicheko kilitoka peke yake, bila yeye. "Nilikuwa natania, jamani. Kila mtu anajua natania."

"Yeye angejuaje?" Anaïs akauliza. Hakupaza sauti. "Ulimwita, akaja. Familia ya watu iko pale kwenye ukungu inangoja mtoto wao, na wewe umemkalisha hapa dukani unywe soda."

Masikio ya Gaël yakapata moto. Taxi ya kwenda Pinetown ilikuwa inakuja, inapiga honi. Atakuambia leo mwenyewe, ukimbana, alichofanya: aliinua kidole kuisimamisha. Baiskeli ni ya Ruphin. Maiti ni ya Wazulu. Yeye ana nini hapo?

"Panda," Ruphin akasema. "Panda taxi, uende. Wewe si ndiye bingwa wa kutoacha abiria?"

Ruphin hakujua alichosema. Alirusha jiwe gizani, likampiga mtu.

Gaël akashusha kidole. Taxi ikapita.

Iliwachukua zaidi ya saa moja kuisukuma baiskeli kurudi mlimani, na Gaël hakukubali asaidiwe. Wale watu walikuwa wangalipo. Walikuwa wameketi kwenye majani pembeni mwa lami. Mzee peke yake alisimama na tawi lake jepesi, hajasogea hatua. Gaël alikuwa amejiandaa kwa matusi. Matusi anayaweza, angeyarudisha kwa chenji. Yule bibi wa blanketi la kahawia akanyanyuka, akamjia, akamtazama jasho, akauliza kitu.

Ruphin akatafsiri: "Gogo, yaani bibi, anauliza kama umekula."

Hapo ndipo aibu ilipomshika kweli.

Gogo akaeleza, na Ruphin akafuata maneno yake kwa sauti ya chini. Marehemu ni mjukuu wake, Mthokozisi. Mzee mwenye tawi ni baba wa kijana. Nyumbani kwao ni chini kule bondeni, njia ya changarawe, baada ya daraja. Mwezi wa nne kijana alikuwa anarudi kazini, akapewa lifti nyuma ya bakkie, pikapu, juu ya mifuko ya saruji. Kwenye kona hii akaanguka. Dereva hakusimama.

"Labda hakujua," Gaël akasema. Sauti haikuwa yake.

Ruphin akampelekea Gogo maneno hayo. Gogo akamtazama Gaël. Akajibu kwa utaratibu, neno kwa neno.

"Anasema alijua. Gari likiwa jepesi, unajua."

Ukungu ukapita kati yao.

"Anasema wewe ndiye uliyemwita, wewe ndiye utakayempeleka. Baba atatangulia na tawi. Usiongee na sisi. Ongea naye tu. Mwambie kila kona, kila daraja. Mwite jina. Na usimwache."

"Kizulu changu ni cha kununulia vocha tu," Gaël akanong'ona.

Gogo akatabasamu bila furaha. Hata kabla Ruphin hajatafsiri, alielewa.

"Anasema ongea lugha yako. Mara ya kwanza alikusikia vizuri."

Wakaanza kushuka bondeni. Baba mbele, amenyamaza, tawi kifuani. Gaël nyuma yake anaisukuma baiskeli, mikono miwili kwenye usukani. Wengine mbali nyuma. Mdomo ule uliokuwa honi ukaanza kufanya kazi ambayo haukuwahi kufanya: kusema jambo dogo, la kweli, kwa mtu mmoja.

"Mthokozisi, tunaacha lami. Iko changarawe, shikilia."

Kwii.

"Mthokozisi, kona ya kushoto. Mti mmoja. Mbuzi wawili."

Ting.

"Mthokozisi, kaka... nisamehe kwa yale."

Tawi la baba lilipita karibu na bega lake penye kona nyembamba, likamnasa shati. Miiba ya mti ule huota miwili miwili: mmoja umenyooka mbele, mwenzake umejikunja nyuma kama ndoano. Ule ulionyooka ulimkwaruza tu. Ule wa ndoano ndio uliomshika. Mzee akasimama, akaunasua taratibu kwa vidole, bila neno.

Na hapo harufu ikabadilika.

Sufi na petroli vilikuwapo bado. Lakini juu yake ilikuja harufu nyingine, ya kijani, kali, ya nyumbani. Poro. Vile vitunguu virefu vya majani wanavyolima Bugarama, wanavyoteremka navyo mjini asubuhi na kurudi jioni na kapu tupu linalonuka hivyohivyo. Nani analima poro kwenye bonde la Wazulu?

Kitu kikashika upindo wa shati lake, nyuma, kwa vidole viwili tu. Vile anavyoshika mama mwenye heshima zake, asiyetaka kumkumbatia kijana wa watu.

"Buhoro, mwananje," sauti ikasema kwa Kirundi, karibu na sikio. Taratibu, mwanangu.

Gaël aliikumbuka sauti hiyo.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Jioni, ukungu kama huu. Mama mmoja amemaliza kuuza, kapu tupu mapajani, anataka kufika nyumbani kabla ya giza. Gaël alimpakia, akasogelea lori, akalishika. Mama akaogopa. Buhoro, mwananje. Gaël akacheka. Buhoro, nakuomba. Gaël akacheka zaidi, maana wenzake walikuwa wanamtazama. Kwenye kona lori likashtuka.

Keria ikawa nyepesi.

Alijua. Papo hapo alijua. Alisikia kapu likigonga lami, kavu, mara mbili. Hakugeuka. Aliliacha lori limvute mpaka juu kileleni, kesho yake akauza baiskeli, na hakupita tena njia ile maisha yake. Hakuuliza kama mama alinyanyuka. Hakuuliza chochote. Alikwenda mbali, akakuta nchi ambayo hakuna aliyemjua, akatunga sentensi nzuri ya kujipigia kifua.

"Mthokozisi," akasema, analia sasa, makamasi na yote, "tunavuka daraja."

Kwii, zikaitika springi. Nzito. Nzito kuliko mlimani.

Walifika jua linazama, ingawa jua lenyewe hawakuliona, ukungu tu uligeuka rangi ya majivu. Nyumba za duara mbili, moja ya matofali, zizi dogo. Watu wa nyumbani walisimama kwenye lango bila kusema. Baba akaingia kwenye nyumba ya duara ya juu, akaenda mpaka mwisho wa ukuta, mahali pa wazee wao waliotangulia, akalaza tawi chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akafungua kinywa. Sauti ilitoka na kutu.

Ruphin hakutafsiri. Haikuhitajika. Mthokozisi, tumefika. Ingia, mwanangu.

Kiti cha ngozi kikainuka. Gaël alikisikia mikononi, kupitia chuma chote. Mzigo uliondoka kwa adabu, kama mtu anayeshuka huku anashukuru. Harufu ya sufi ikakata. Ndani mwanamke akaanza kulia, kilio kizuri, cha mtu aliyepata pa kulilia.

Gaël akavuta pumzi. Akamwona Anaïs anamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile hapakuwa na ukali usoni pake. Kifua kikataka kuvimba, ni tabia. Sentensi ile ikapanda yenyewe mpaka kwenye ulimi: nili... waambia... sijawahi...

Akaimeza.

Gogo akaja na bakuli la maji ili wanawe mikono. Alipopita nyuma ya baiskeli akasimama. Akaweka kiganja juu ya kiti cha ngozi, polepole, kisha akakiondoa kiganja na kukiweka kando kidogo, kama mtu aliyegusa goti la mgeni bila kukusudia. Akainamisha kichwa. Akasalimia.

Halafu akaongea na Ruphin. Ruphin akaitazama baiskeli.

"Anasemaje?" Anaïs akanong'ona.

"Anasema... wetu ameshuka. Asante." Ruphin akaonyesha kiti cha ngozi. "Anauliza, huyu mama mwenye kapu ni wa kwenu?"

Springi zilikuwa bado zimebanwa. Si mpaka mwisho. Nusu. Uzito wa mama mwembamba.

"Anasema usiogope. Ni kazi ileile. Mwite jina lake, umwambie mnakwenda wapi."

Gaël akageuka. Miaka sita, ndiyo kwanza anageuka. Hakuona kitu. Kiti cha ngozi, matone ya ukungu juu yake, na katikati pakavu, duara, pasipodondokewa.

Akafungua mdomo. Huo mdomo wenye jibu la kila mtu, wa walinzi na Wahabeshi na paka. Watu wote kwenye lango wakangoja jina.

Hakuwa nalo. Hakuwahi kumwuliza.

"Gaël," Anaïs akasema taratibu. "Anaitwa nani?"

Alitazama chini. Jasho lilimdondoka puani, akalitazama likidondoka.

Baiskeli nyeusi sasa iko kwa Ruphin, imeegemea ukuta wa mwisho wa karakana. Wateja wameambiwa haikodishwi. Kila asubuhi Ruphin anajaza tairi la nyuma, na kila jioni linakaa chapati, bila pancha. Gaël huja akifunga kazi, anaketi kwenye ndoo karibu nayo. Siku hizi anaongea kidogo. Ukimletea simu itengenezwe, kabla hajauliza ina shida gani, anakuuliza unaitwa nani. Anaandika.

Juzi, mchana, alipata namba ya Bizimana, dereva wa baiskeli wa zamani ambaye bado anapanda mlima ule. Akampigia, akamweleza yote. Alipomaliza, aliona amekaa amejikunyata juu ya ndoo kama mtoto aliyechapwa. Maelezo yenyewe: mwaka fulani. Jioni, ukungu. Mama, kapu tupu, ametoka kuuza poro. Alianguka kwenye kona.

Bizimana akafikiri. Upepo wa Bugarama ulisikika kwenye simu, na lori linapanda.

"Kona ipi?"

"Sikumbuki vizuri."

"Alivaa nini?"

"Sikumwangalia."

"Ndugu yangu," Bizimana akasema, si kwa ubaya, "hapa kila kona ina mama wa kapu. Unamtafuta yupi?"



Nyuma ya Gaël, springi zikalia. Kwii... Kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti, maana ameona safari bado ni ndefu.